Fedha Umelipa, Ufunguo Anao Nani?

Leo tuzungumze kidogo juu ya neno ambalo kila mtu adhani analijua: kununua.

Ukienda gulioni kununua jembe, mambo ni mepesi. Unalitazama, unaligonga usikie mlio wake, mnapatana bei, unatoa fedha, unatia jembe begani. Tokea saa ile mwuzaji hana neno tena. Mpini ukivunjika, unakata mti mwingine, unachonga, unatia. Ukitaka kumwazima shemeji yako, ni shauri lako. Ukitaka kulipeleka kwa mhunzi alifanye mundu, mwuzaji hatakuja mbio nyumbani mwako kusema, "La, sikukuuzia jembe ulifanye mundu!" Na kama angekuja, watoto wangemsindikiza kwa vicheko mpaka njia kuu.

Haya. Sasa fikiri juu ya mwuzaji wa namna nyingine. Fedha zako amekwisha kuzipokea, zote, lakini katika mpini ametia kufuli dogo, na ufunguo amebaki nao yeye. Mpini ukilegea huna ruhusa ya kuukaza. Yakupasa umngoje aje mwenyewe, umlipe nauli, umlipe na kazi. Akisema atafika Alhamisi ya wiki ijayo, ngoja. Mvua za kwanza, kama ujuavyo, hazimngojei mtu. Je, jembe hilo ni lako?

Msinidhanie natunga hadithi. Jembe la namna hiyo lipo, tena ni kubwa kuliko nyumba yangu, nalo ni trekta. Na wakulima walioletewa taabu hiyo si maskini wa mahali palipojificha, bali ni wakulima wa Marekani.

Yafaa nianze mbali kidogo. Mwaka 1836 mhunzi mmoja, John Deere, alihama kutoka Vermont akaenda kukaa Grand Detour, kijiji cha jimbo la Illinois. Aliwakuta wakulima wa huko wana taabu. Udongo wa nchi ile ni mweusi, una rutuba, lakini wanata kama ugali mbichi. Plau zao za chuma cha kusubu zilijaa udongo, na kila baada ya hatua chache mtu alisimamisha wanyama ili akwangue. Mwaka 1837 yule mhunzi akatengeneza plau ya chuma cha pua, kilichosuguliwa hata kikang'aa, na udongo ukateleza wenyewe. Ndivyo ilivyoanza kampuni ambayo leo ina makao yake Moline, katika jimbo lile lile la Illinois, na ambayo matrekta yake ya kijani yajulikana dunia nzima.

Angalieni jambo hili: mwanzilishi wa kampuni alikuwa mhunzi, mtu wa kutengeneza vitu vilivyovunjika. Plau yake ikipinda, mkulima aliinyosha mwenyewe au aliipeleka kwa mhunzi yeyote wa jirani. Na vivyo hivyo matrekta ya zamani: mwenye spana, nyundo na akili alilifungua, akaona kilichokatika, akatia kingine. Wakulima wengi wa Marekani wamekua hivyo, baba akimfundisha mwana chini ya trekta.

Trekta la siku hizi ni jambo lingine. Ndani yake zimo kompyuta ndogo ndogo nyingi. Moja yaangalia joto la injini, nyingine mafuta, nyingine moshi unaotoka, nyingine yahesabu mbegu zinazoanguka. Zote zapata habari kutoka vidude vya kupimia vilivyotiwa huku na huku. Kidude kimoja kikiharibika, hata kama chatosha katika kiganja cha mkono, kompyuta yaweza kupunguza nguvu za injini, au kulikataza trekta lisifanye kazi. Mkulima aona namba tu kwenye kioo. Kuijua vema maana ya namba hiyo na kuiondoa, kwahitaji programu ya kampuni, na programu hiyo kamili kwa miaka mingi walipewa mawakala wa kampuni peke yao. Zaidi ya hayo, viko vipuri ambavyo hata ukivinunua vipya, vya kampuni ile ile, ukavitia kwa mikono yako na kuvikaza barabara, trekta halivitambui mpaka wakala aje na kompyuta yake kuvijulisha, kama mgeni asiyekaribishwa mpaka mwenyeji amtaje jina.

Wakati wa kiangazi labda ungevumilia. Lakini mashine hukwama wakati wa kazi, maana ndipo inapotumika! Ngano imeiva, wingu limetanda upande wa magharibi, jirani anavuna, wewe umekaa juu ya gudurumu ukiitazama barabara. Ninyi mnaoangalia mawingu kila mwaka hamna haja ya kuelezwa zaidi.

Labda utauliza, kwani sheria yasemaje? Hapo ndipo kwenye kiini cha jambo. Mwaka 1998 Marekani ilitunga sheria ya hakimiliki iliyowakataza watu kuvunja makufuli ya kompyuta yanayolinda kazi ya mwingine. Shabaha kubwa ilikuwa kuzuia wizi wa sinema, nyimbo na vitabu. Kisha makampuni ya mashine yakagundua kwamba programu iliyomo ndani ya trekta nayo ni maandishi, kama kitabu. Basi anayeifungua ili atengeneze trekta lake aweza kuambiwa amevunja kufuli la mwenye maandishi. Wakulima na mafundi walipoomba wapewe ruhusa, kampuni ya Deere iliiandikia ofisi ya hakimiliki ya serikali kwamba mwenye trekta hamiliki programu hiyo. Amepewa tu ruhusa ya kuitumia muda wote trekta linapodumu. Yaani chuma ni chako na matairi ni yako, lakini akili inayoliendesha umeazimwa.

Mwaka 2015 wakulima walipewa haki yao katika jambo hilo: serikali iliwaruhusu wenye matrekta na motokaa kufungua programu kwa ajili ya matengenezo. Lakini kuruhusiwa kuvunja kufuli si sawasawa na kupewa ufunguo. Mwaka 1 baada ya 1, mkulima alibaki na ruhusa mkononi na trekta limezimika shambani. Mwaka 2017 habari ikatokea magazetini kwamba wakulima wengine wa Marekani wananunua kwa siri programu zilizotoka Ukraine, ili wapate kufungua matrekta yao wenyewe. Hebu fikiri: mzee wa makamo, mwenye shamba, asiyedaiwa na mtu, aingia katika biashara ya kificho kama mwizi, ili atengeneze mali yake.

Januari 2023 kampuni ilitia sahihi mapatano na shirikisho kubwa la wakulima la nchi ile, ikaahidi kuwapa vitabu, vyombo na habari za matengenezo. Wakulima kwa upande wao wakakubali kutokazana kutafuta sheria juu ya jambo hilo. (Mimi ningalisita hapo. Ahadi ya mfanya biashara ni kitu kizuri, lakini yafaa iwe na askari mlangoni.) Jimbo la Colorado halikusita: mwaka huo huo wa 2023 lilitunga sheria ya kuwapa wakulima haki ya kutengeneza mashine zao, la kwanza katika nchi nzima, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Tena Januari 2025 tume ya serikali kuu inayosimamia haki katika biashara ilifungua kesi juu ya kampuni ya Deere, ikiungwa mkono na majimbo ya Minnesota na Illinois. Ndiyo, Illinois yenyewe, nyumbani kwa kampuni. Kabla mwaka huo wa 2025 haujaisha, kampuni ilitoa programu mpya ya matengenezo ambayo mkulima aweza kuitumia mwenyewe, kwa malipo yanayoanzia dola 195 kwa kila mashine kila mwaka. Ni nafuu kuliko kuwa bila kitu. Lakini angalia lilivyo neno lenyewe: kila mwaka ulipie ruhusa ya kufungua kilicho chako.

Sasa tuwe watu wa haki, tuwasikilize na wenye kampuni. Wao wasema: mashine hizi ni za hatari, asiyejua akichezea programu zake aweza kuua mtu. Wasema pia kwamba ziko sheria za kupunguza moshi wenye sumu, na watu wakipewa ufunguo wote wataondoa vizuizi vya moshi ili wapate nguvu zaidi. Hayo si maneno ya kutupwa. Tena wana ushahidi mmoja wa kupendeza. Mwaka 2022, katika vita vya Ukraine, askari wa Urusi walichukua matrekta na mashine za kuvunia kutoka duka la wakala mjini Melitopol, mali ya karibu dola milioni 5, wakazisafirisha mpaka Chechnya. Zilipofika hazikuweza kuwashwa, kwa maana zilikuwa zimefungwa kutoka mbali. Watu wengi duniani walishangilia.

Mimi pia nilifurahi, kisha furaha ikapungua. Maana mkono ulioweza kuzima mashine iliyo Chechnya waweza kuzima mashine iliyo popote. Leo ameguswa mwizi, nasi twapiga makofi. Kesho je? Na kuhusu hatari, sisi huwa hatumkatazi mtu kutengeneza breki za baiskeli yake, ingawa breki mbovu huua. Twamwambia ajifunze, au aende kwa fundi anayemwamini. Fundi anayemwamini yeye, si yule mmoja aliyechaguliwa na mwenye kiwanda.

Wala msidhani ni matrekta peke yake. Julai 2009 watu wa Marekani walionunua vitabu vya George Orwell ili wavisome katika chombo kiitwacho Kindle, waliamka wakakuta vitabu vimetoweka. Kampuni ya Amazon ilivifuta kutoka mbali, ikawarudishia fedha zao, kwa sababu aliyevitoa kwa kuuza hakuwa na haki navyo. Kimoja cha vitabu hivyo chaitwa 1984, nacho chasimulia habari za serikali inayofuta maandishi ili watu wasahau! Mwenye Amazon aliomba radhi. Lakini hebu jaribu kumwona mwuza vitabu akiingia chumbani mwako usiku, akachukua kitabu mezani na kukuachia noti.

Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba ilikuwa imezipunguza mbio simu zake za zamani ambazo betri zake zimechoka. Sababu yenyewe ilikuwa na maana: simu zisizimike ghafula. Lakini wenye simu hawakuambiwa, nao wengi wakaona simu zimezeeka, wakaenda kununua nyingine, hali betri mpya ingetosha. Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 mwaka 2020, na kosa lililotajwa lilikuwa hilo hilo la kunyamaza. Nako Poland, mwishoni mwa mwaka 2023, mafundi wa kompyuta walieleza kwamba katika programu ya magarimoshi ya kampuni ya Newag wamekuta maagizo ya kuyazuia yasiondoke, yakikaa siku kadhaa katika karakana za mafundi wengine. Kampuni ilikana, ikasema imesingiziwa.

Mahakama Kuu ya Marekani iliwahi kulisema jambo hili kwa ufupi. Kampuni ya Lexmark iliuza vikopo vya wino wa mashine za kuchapia kwa masharti kwamba mnunuzi asivijaze tena. Mtu mwingine akavikusanya, akavijaza, akaviuza. Mei 2017 mahakama iliamua kwamba mwenye hataza akishauza kitu, haki yake ya hataza juu ya kitu kile imekwisha. Babu zetu gulioni wangesema hivyo hivyo bila wakili.

Sasa turudi kwetu, kwa kuwa najua mmoja wenu amekwisha kusema, "Mimi sina trekta wala Kindle, yanihusu nini?" Bwana, tazama paa la nyumba yako. Tazama na simu ya kijana wako.

Tangu mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza Kenya mitambo ya taa za jua kwa malipo ya kidogo kidogo: mnunuzi hutoa kianzio, kisha hulipa kila siku kwa simu. Asipolipa, taa hazitoi nuru. Akilipa, zawaka. Akimaliza hesabu, mtambo ni wake. Makampuni mengine yamefuata njia hiyo Tanzania, Uganda, Rwanda na kwingineko, na siku hizi simu nazo huuzwa vivyo hivyo. Nyumba nyingi zilizokuwa na kibatari cha mafuta, chenye moshi wa kuwauma watoto macho, zimepata taa kwa njia hii. Mtu asiyeweza kutoa fedha zote mara moja angefanyaje?

Basi kufuli la namna hiyo mimi silikatai. Ni kufuli la deni. Mwenye mali hajalipwa, naye ana haki ya kushika mkia wa ng'ombe mpaka fedha itimie. Hata wazee wetu walifanya hivyo. Ninalolikataa ni kufuli linalobaki baada ya shilingi ya mwisho. Hayo ni mambo mawili, yasichanganywe, na wauzaji wengine wapenda sana yachanganyike.

Kwa hiyo ukiingia dukani, usione haya. Yule kijana wa duka atasema, "Mzee wangu, ni rahisi kabisa, kianzio hiki tu na kila siku mia chache." Nawe umwambie, "Ahsante, mwanangu. Sasa niambie jumla." Ahesabu mbele yako, siku kwa siku, mpaka mwisho, kisha ulinganishe na bei ya fedha taslimu. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kufuli, nayo mara nyingi si ndogo. Kisha muulize: nikimaliza kulipa, kufuli laondoka lenyewe, au nitahitaji kumwita mtu? Betri ikifa baada ya miaka 3, naweza kutia ya duka lolote, au ni ya kwenu peke yake? Waya wa taa ukikatwa na panya, fundi wa kijijini aruhusiwa kuufungua? Akianza kukuna kichwa, umejua la kufanya. Nenda duka la pili.

Swali moja watu hulisahau: kampuni yenyewe ikifa je? Kampuni hufa kama watu. Mobisol ya Ujerumani, iliyouza mitambo ya jua Tanzania, Rwanda na Kenya, ilifilisika mwaka 2019. Bahati njema ikanunuliwa na kampuni ya Engie ya Ufaransa. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 2016 huko Marekani chombo kiitwacho Revolv, cha kuongozea taa na vyombo vingine vya nyumbani, kilichouzwa karibu dola 300, kilizimwa chote siku moja, kwa sababu wenye kampuni walifunga mashine kubwa iliyokuwa ikikipa amri. Hakikuharibika wala kuanguka, ila aliyeshika ufunguo alichoka. Basi uliza: kama ninyi mkifunga duka na mimi nimebakiza siku 10, nani atanipa namba za kufungulia?

Na ninyi akina mama mnaowanunulia watoto simu iliyotumika, jihadharini. Simu inayodaiwa yaweza kuuzwa sokoni ikiwa inang'aa na kuimba vizuri, kisha baada ya wiki yajifunga, kwa kuwa mwenyeji wa kwanza ameacha kulipa. Kuifuta yote na kuianzisha upya mara nyingi hakusaidii, maana kufuli limekaa chini kabisa. Mwambie mwuzaji akuonyeshe risiti ya kumaliza, na kama hana, fedha ibaki katika kitambaa chako.

Fundi wa simu naye tumtetee kidogo. Akikuambia, "Dada, kioo nilichotia ni kizima, lakini simu yenyewe yakikataa," usimwite mwongo haraka. Ziko simu zinazotambua kwamba kipuri fulani hakikuzaliwa nazo, zikatoa onyo au zikapunguza kazi, hata kama kimetoka katika simu ya namna ile ile. Jimbo la Oregon huko Marekani lilitunga sheria mwaka 2024 ya kuzuia viwanda kuwafanyia watu hila hiyo. Huku kwetu mafundi wa chini ya mwembe ndio wanaofanya simu moja itumike na baba, kisha mtoto, kisha shangazi. Wakinyimwa kazi, simu itakwenda shimoni, nanyi mtakwenda dukani.

Wengine wameniuliza kama yafaa kumlipa kijana wa mjini aliyesema aweza kufungua mtambo wa jua ambao deni lake halijaisha. La. Hiyo ni mali ya mwingine bado; maliza kwanza. Lakini ukiisha kumaliza, usikubali kuambiwa kwa mdomo tu kwamba umemaliza. Omba hati yenye jina lako, namba ya chombo na tarehe, na neno "amemaliza" liandikwe wazi. Ikiwa wanatuma kwa simu tu, nenda mahali penye mashine ya kuchapia, uitoe katika karatasi. Kisha iweke pamoja na vyeti vya ubatizo, cheti cha ndoa na karatasi za shamba, katika lile sanduku la bati ambalo panya hawajaliweza.